Mistari Mitatu na Nukta

Katika shule za sekondari za Mtwara mjini, ukitaja kitini cha mikoko, hata mwanafunzi mtoro atakwambia ni cha Madamu Magreth. Kitini chenyewe hakikuwa na makuu: kurasa thelathini na mbili zilizobanwa pini pembeni, jalada la karatasi ya manila ya kijani, na ndani maelezo ya biolojia kuhusu miti ya mikoko inayoota mdomoni mwa mto Ruvuma. Kilichokipa jina ni picha. Zilikuwa nane, mti mmoja kila ukurasa, zimechorwa kwa penseli na mtu aliyejua kutazama. Mizizi ya mkoko ilishika tope kama vidole vya mtu anayeogopa kuteleza. Wanafunzi ambao hawakuwahi kukanyaga pwani ile walikuwa wakifika ukurasa wa tisa wananyamaza wenyewe.

Magreth hakuzichora. Alizikuta. Mwaka aliohamishiwa Mtwara kutoka Njombe, miaka kumi na miwili iliyopita, mwalimu mmoja aliyekuwa anastaafu alimwachia bahasha ya karatasi, kopi ya kopi ya kopi. Akashukuru, akazibandika kwenye maelezo yake. Kitu kimoja tu kilimkera. Kwenye kona ya chini ya kila picha palikuwa na uchafu: mikwaruzo mitatu na doa. Sasa Magreth ni mtu wa usafi. Nyumbani kwake Magomeni hata kamba ya kuanikia nguo huifuta kabla ya kuanika. Akadhani kioo cha mashine ya kopi kilikuwa hakijapanguswa. Akachukua wino mweupe wa kufutia makosa, akafuta kona moja baada ya nyingine, akapuliza pakakauka, akaridhika.

Asimcheke mtu. Nani kati yetu hajawahi kupokea kitu kizuri na kusahau kuuliza kimetoka mkononi mwa nani?

Mambo yalibadilika mwaka jana, mwezi wa nane, pale mchapishaji mmoja wa Dar es Salaam alipokiona kitini kile na kusema anataka kukitoa kiwe kitabu. Kitabu hasa, chenye mgongo, chenye jina la Magreth juu ya jalada! Magreth alimpigia mama yake Njombe. Mama hakungoja hata Jumapili. Alimfuata katekista siku ileile, na habari ikatangazwa kanisani kabla hata mkataba haujasainiwa. Ikawa kila akipiga simu nyumbani anaulizwa kitabu kimefika wapi. Kwa mtu aliyefundisha miaka yote hiyo kwa vitabu vya wengine, kuwa na chake kulimnyima usingizi kwa furaha.

Kisha akapiga simu Beatrice, mhariri wa yule mchapishaji, dada mwenye sauti ya upole na maswali makali.

"Mwalimu, maandishi yako ni mazuri. Picha amechora nani?"

"Hajulikani, dada. Ni picha za vitini tu, zinazunguka mashuleni."

"Zilianzaje kuzunguka bila mtu?"

Magreth akacheka kidogo. Beatrice hakucheka.

"Mwalimu wangu, asiyejulikana si sawa na asiyekuwepo. Ukizionyesha darasani ukafundishia, ukataja ulikozitoa, hakuna wa kukugombeza. Sheria inampa mwalimu nafasi hiyo. Lakini kitabu kinakwenda dukani. Hapo mwenye picha lazima akubali, tena kwa maandishi."

"Na kama hakuziandikisha mahali popote?"

"Haihitaji. Siku alipomaliza kuchora, zilishakuwa zake. Ni zake mpaka afe, na akifa, warithi wake wanazishika miaka hamsini mingine. Nimekutumia fomu nane, moja kwa kila picha. Nizipate mwisho wa mwezi wa tisa. Zikichelewa, kitabu kinarudi kwenye foleni, na foleni yetu ni ya miaka miwili."

"Kikitoka bila picha?"

"Wewe mwenyewe ungekinunua?"

Magreth alijua jibu. Alikaa kwenye kiti cha jikoni, simu mkononi, sufuria ya ugali ikiungua. Alichokuwa akikiita changu nusu yake ilikuwa ya mtu, na mtu mwenyewe hamjui. Nguo ya kuazima haisitiri, wahenga walisema, naye alikuwa tayari ameivaa mbele ya kanisa zima.

Alianzia pale kitini kinapotolewa kopi, kwenye steshenari ya Kassimu, hapohapo Magomeni. Kassimu ni mtu wa kutunza. Karatasi ikiingia kwake haitoki. Alipanda juu ya stuli, akashusha faili lililojaa vumbi, na ndani yake zikatoka picha zile nane, kopi za zamani kuliko alizoachiwa Magreth, nyeusi na nzito, na kona zake hazijafutwa.

"Hizi alizileta mwalimu mmoja mwaka tisini na tisa, marehemu baba ndiye mwenye duka," alisema Kassimu. "Mashine yetu ya kwanza. Hazijaguswa, madamu."

"Mbona hata hizi zina uchafu?" Magreth aliuliza.

Kassimu alisogeza karatasi kwenye mwanga wa mlangoni. Akatazama, akatazama tena. Halafu akafanya jambo la ajabu: akaenda kwenye mtungi wa maji ya kunywa uliokuwa pembeni ya kaunta, ule ambao kila mteja mwenye kiu huchota kikombe, akausogeza, akaugeuza.

"Njoo uone."

Chini kidogo ya shingo ya mtungi palikuwa na mistari mitatu ya kulalia upande, iliyochanjwa udongo ukiwa mbichi, na mbele yake nukta moja. Magreth aliweka karatasi kando ya mtungi. Ilikuwa alama ileile, hata ule mstari wa katikati uliozidi kidogo urefu. Miaka yote alikuwa akinywa maji ya mtungi ule huku akingoja kopi zake, na kwenye begi lake imo chupa ya wino mweupe.

"Mtungi huu kaufinyanga nani?"

"Bi Mwanahamisi wa Ziwani. Mama hanunui kwa mwingine."

Jumamosi asubuhi Magreth alichukua bodaboda mpaka Ziwani. Alimkuta Bi Mwanahamisi nyuma ya nyumba, kati ya mikorosho yake, akianika makopa ya muhogo juu ya mkeka mkuukuu. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka sabini hivi, mwenye macho ya kutulia, yale macho ambayo yakikuangalia unajiuliza kama umefunga vifungo sawasawa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Kaa hapo penye kivuli, mimi mikono yangu ina unga."

Magreth alikuwa amepanga maneno njiani, akayasahau yote. Alitoa kitini, akakifungua ukurasa wa tisa, akamwekea mapajani. Bi Mwanahamisi alipangusa mikono kwenye kanga, akatazama. Hakushangaa. Alipeleka kidole kwenye kona ya chini, pale palipokuwa peupe, akakipitisha polepole.

"Umepasafisha," alisema.

"Nilidhani ni uchafu wa mashine, bibi. Nisamehe sana. Sikujua."

"Nilikiona hiki zamani. Njukuu wangu alikuja nacho kutoka shule. Watu wa hapa wakaniambia nenda kanshitaki." Alizungumza kwa lafudhi ya Kimakonde ya watu wa pwani ile, mkono kwake ni nkono na mtu ni ntu. "Nikasema hapana. Ntu aliyefuta safi hivi hakujua anafuta nini. Akijua, atakuja. Nikamngoja."

"Miaka yote hiyo?"

"Muhogo unangojwa, korosho inangojwa. Ntu asingojwe?"

Magreth akaomba tu kusimuliwa, naye Bi Mwanahamisi, mikono ikirudi kwenye makopa, akasimulia.

Alizaliwa mdomoni mwa Ruvuma, kwenye kitongoji kimoja kilichopakana na mikoko, yeye na mdogo wake Fatuma, watoto wa mfinyanzi. Wanawake wa kwao walikuwa hawachomi vyungu kila mtu peke yake, kuni zilikuwa kazi kuzipata. Walichoma kwa pamoja, vyungu arobaini katika moto mmoja. Vikitoka motoni vyote vimeshika masizi na vyote vinafanana. Ndiyo maana kila mfinyanzi alikuwa na alama yake begani mwa chungu. Chako kikitoka kizuri unasifiwa wewe, kikipasuka hasingiziwi jirani. Alama ya mama yao ilikuwa mistari mitatu. Alipoolewa Mwanahamisi, mama akamwongezea nukta moja. Alipoolewa Fatuma, akampa mbili. Hapo ndipo ulipoishia urithi wao, na waliutunza kuliko wengine wanavyotunza mashamba.

Mikoko nayo ilikuwa ikikatwa ovyo kwa ajili ya nguzo, na karibu na mwaka elfu moja mia tisa tisini na nane akina mama wa kitongoji wakaunda kikundi cha kuipanda upya. Miche ikafa. Walikuwa wakipanda mche wa tope la mbele, karibu na bahari, kwenye tope la nyuma, na wengi wao hawajui kusoma hata ukiwaandikia. Basi Mwanahamisi, aliyekwisha olewa Ziwani lakini anarudi kwao kila msimu, na Fatuma, aliyebaki palepale, wakakaa topeni maji yakipwa, wakachora. Walichora nyuma ya kalenda za zamani kwa penseli za kuokoteza, mti baada ya mti, mzizi wake, jani lake, tunda lake, ili mwanamke asiyejua herufi ajue kwa macho huu unapandwa wapi.

"Hakuna aliyewafundisha?" Magreth alirudia, maana Bi Mwanahamisi alikuwa amelisema hilo kama jambo la kawaida.

"Chungu kilinifundisha. Ukishajua bega la chungu, jani litakushindaje?"

Akaomba kalamu. Akachukua karatasi ya bahasha, na bila kuinua macho kwenda popote, maana miti yenyewe ilikuwa mbali mno na pale, akachora tawi la mchu, mmoja wa miti ile minane. Kalamu haikusita. Ilitoka, ikazunguka, ikarudi, na tawi likawa pale, lenye jani lililojikunja kidogo kwenye ncha, kama majani ya mchu yanavyojikunja jua likiwa kali. Mkono wenyewe ulikuwa na kovu la moto na kucha zilizojaa unga wa muhogo. Magreth alishika mdomo. Alikuwa na shahada ya sayansi, amefundisha watoto elfu na zaidi sehemu za jani, na hajapata kuona jani likizaliwa. Machozi yalimlengalenga, wala hakuyaficha.

Kwa nini picha hazikuwa na jina? Zilikuwa na jina. Mwalimu mmoja wa huko aliziazima siku moja akazitolee kopi mjini, akazirudisha kwa heshima zake zote. Karatasi za asili zililiwa na mchwa. Kopi zikasafiri, zikabeba alama zile, mpaka zilipofika kwa Magreth mpenda usafi.

Magreth alitoa fomu za Beatrice, akamsomea neno kwa neno. Bi Mwanahamisi alisikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali mawili, yote ya maana. Je, akikubali picha ziingie kitabuni, zitaacha kuwa zake? Hazitaacha, alijibiwa, anaruhusu kitabu hiki tu, na malipo yake yameandikwa hapa. Na alama?

"Zitarudi zote, bibi. Na jina lako ndani, mwanzoni kabisa."

"Jina andika ukipenda. Alama ndiyo naitaka."

Akaanza kusaini. Jina aliliandika taratibu, herufi moja moja, kisha chini yake mistari mitatu na nukta, chap! Fomu ya kwanza, ya pili, mpaka ya saba. Magreth alikuwa tayari anaona jalada. Kwenye ya nane, picha ya mti uitwao mlilana, mkono ukasimama.

"Hii siyo yangu."

"Bibi, ziko pamoja zote."

"Ziko pamoja kwa sababu zilichomwa moto mmoja." Akageuza kitini kuelekea mwanga. "Ona kivuli cha shina. Mistari yangu mimi inalala kulia. Hii inalala kushoto. Fatuma alikuwa na mashoto."

Magreth alitazama. Ilikuwa kweli, kweli tupu, na kwa miaka kumi na miwili hakuwahi kuona. Akachomoa kopi aliyotolewa na Kassimu. Kwenye kona ya picha ya mlilana palikuwa na mistari mitatu na nukta mbili. Wino wake mweupe ulikuwa umepoteza si mtu mmoja, wawili.

"Basi nikamwone Bi Fatuma."

"Fatuma amelala makaburini tangu elfu mbili na kumi na moja. Anaye mwanawe, Amiri. Chake ni cha Amiri sasa."

Siku zilikuwa zimebaki sita. Jumatatu Magreth aliomba ruhusa kwa mkuu wa shule, akakodi bajaji, akamchukua Bi Mwanahamisi, wakaenda mpaka kule kitongojini, mwendo wa kutikiswa mifupa. Nyumba ya Fatuma ilikuwa imeanguka ukuta mmoja. Jirani aliwaambia Amiri alivuka Ruvuma kwenda Msumbiji mwaka wa sita sasa, anafanya kazi Pemba ya hukohuko au zaidi ya Pemba, na namba yake haipatikani. Aliyewahi kuonana naye hayupo. Wakazunguka kaya saba wakiuliza. Wakapewa maji, wakapewa pole, hawakupewa Amiri.

Hapo uzalendo ukamshinda Magreth. Alimvuta Bi Mwanahamisi pembeni ya ukuta ule ulioanguka.

"Bibi, wewe ni dada yake, tumbo moja. Saini tu kwa niaba yake. Nani atajua?"

Bi Mwanahamisi alimtazama kwa macho yale.

"Mimi nitajua. Na wewe utajua, maana nimeshakuonyesha mashoto yake; huwezi tena kutokuyaona." Alikaa juu ya jiwe la mlangoni. "Sikiliza, mwalimu. Mwizi wa mbali hasomi alama. Alama tuliwekeana sisi ndugu, sisi wa moto mmoja. Chungu cha ndogo wangu kilikuwa kinatoka kizuri kuliko changu, nkono ukiniwasha nikichukue niseme ni changu. Alama ikanizuia alipokuwa hai. Leo hayupo, ndiyo nimwibie?"

Magreth aliinamisha kichwa. Aliona aibu ya kweli, ile inayopanda mpaka masikioni. Alimfikiria mama yake, katekista, foleni ya miaka miwili. Mti mmoja tu ulikuwa umesimama kati yake na kitabu.

"Kitabu cha mikoko kikose mlilana? Ndio mti wa mbele kabisa, bibi. Ndio unaopokea wimbi. Nitawaambiaje wanafunzi?"

"Umewahi kuuona?"

Magreth aliwahi kuiona mikoko kwa mbali, akiwa kwenye gari na wageni wa wizara. Chini ya mlilana hajawahi kusimama.

"Maji yametoka," alisema Bi Mwanahamisi akijiinua. "Vua viatu."

Waliingia topeni, bibi mbele, mwalimu nyuma ameshika sketi, wakiipita mikandaa, wakiipita mikoko yenye magongo yake, tope likiwafika magotini. Bi Mwanahamisi alitaja kila mti bila kugeuka, kama mtu anayepita mtaani kwao akiita majirani. Kisha miti ikaisha, bahari ikafunguka, na mbele ya yote ukasimama mlilana.

Magreth hakuutarajia ukubwa ule. Shina lilikuwa nene, limepinda, limepigwa na mawimbi ya miaka asiyoijua, na bado limeelekea majini bila kurudi nyuma. Kulizunguka, hatua ishirini kila upande, mizizi ilitokeza juu ya tope ikiwa wima, mamia kwa mamia, kila mmoja unatafuta hewa. Alikuwa amewaandikia watoto ubaoni "mizizi ya kupumulia", wakanakili, akasahihisha, akaendelea. Sasa alisimama katikati yake na kusikia tope likilia vijipovu kila mahali, chini ya miguu, mbele, nyuma, na akaelewa kwamba mti mzima unavuta pumzi hapo alipo. Alimwita Mungu kwa sauti. Tunda moja lilikuwa limeanguka, la kijani, la mviringo, limekaa ndani ya kikombe chenye ncha sita. Aliliokota kwa mikono miwili, jinsi anavyopokea sakramenti.

"Nti huu si wa Fatuma," Bi Mwanahamisi alisema nyuma yake. "Ni wa Mungu, na wa yeyote mwenye macho. Nkono tu ndio wa Fatuma. Wa Fatuma uache. Toa wako."

Akamnyoshea penseli.

"Bibi, mimi sijui kuchora."

"Nani alikwambia najua nilipoanza?"

Magreth alichora amesimama, karatasi juu ya jalada la kitini chake. Ya kwanza akaichana, shina lilikuwa kama chupa. Ya pili mizizi ilikataa kusimama. Ya tatu ilidondoka kwenye tope. Alitoka jasho, akatukana kidogo kwa Kibena cha kwao, akaanza tena, na safari hii akaacha kufikiria kitabu, akatazama. Akaona mpindo wa shina unaanzia wapi. Akaona jani ni nene na ncha yake ni butu. Maji yalipoanza kurudi na kulamba vifundo vya miguu yao, alikuwa amemaliza. Akampa bibi karatasi huku moyo ukimdunda kama wa mwanafunzi anayengoja maksi.

Bi Mwanahamisi aliishika mbali na macho, akaisogeza karibu.

"Mbaya," alisema.

Magreth akanywea.

"Mbaya, lakini ni nlilana. Siyo wangu, siyo wa Fatuma. Wa kwako. Alama yako iko wapi?"

Hakuwa nayo. Alifikiri. Akamkumbuka bibi yake wa Njombe, aliyesuka vikapu vya milulu, yale majani ya mabondeni, jinsi kila kikapu kilivyoanza na kizingo kidogo cha kukunja kidoleni. Kwenye kona ya chini ya karatasi akachora kizingo hicho, kidogo kama punje ya mtama.

Beatrice alipokea fomu saba na picha moja mpya siku ya mwisho kabisa. Aliuliza kama ile ya nane haiwezi kuchorwa na mchoraji wa Dar, ipendeze. Magreth akasema haiwezi. Kitabu kikatoka, na kwenye ukurasa wa kwanza kuna jina la Mwanahamisi, na chini yake mstari mmoja unaoeleza kwamba Fatuma alikuwa wa kwanza kuuchora mlilana wa mdomo wa Ruvuma, na kwamba picha yake inawangoja wenyewe. Mama wa Njombe alinunua nakala nne. Wanafunzi wa Magreth walipofika kwenye mlilana walicheka mpaka mmoja akaanguka kwenye dawati, na mwalimu wao akacheka nao.

Hapo ningekomea, lakini dunia nayo ina utani wake. Mwezi wa tatu uliofuata shule jirani zilifanya mtihani wa ujirani mwema, ule unaotungwa na walimu wa shule mbalimbali kwa pamoja. Magreth alikuwa akigawa karatasi za biolojia. Kwenye swali la saba, lililowataka wanafunzi kuutambua mti uliochorwa, alikutana na shina lililopinda na mizizi iliyokataa kunyooka. Aliujua mkono wake kabla hajaujua mti. Akatazama kona ya chini. Palikuwa peupe. Mtu alikuwa amepasafisha, kwa uangalifu, akapuliza pakakauka.

Lilimchoma. Hakujua kama kitu kidogo namna ile, punje ya mtama, kinaweza kuchoma vile. Alisimama katikati ya darasa la watoto hamsini, wamengoja waambiwe waanze. Mtihani ulipokwisha, alitoka nje, akampigia Bi Mwanahamisi kwenye simu yake ya kitochi.

"Bibi, mlilana wangu wameutia kwenye mtihani. Kutumia si neno, ni mtihani, watumie. Lakini alama wameifuta!"

Kikaja kicheko kirefu, cha mtu mwenye raha zake, mpaka Magreth naye akajikuta anatabasamu.

"Wamefuta vizuri?"

"Vizuri sana, bibi. Kama mimi."

"Basi ni ntu nsafi huyo. Hajui." Kicheko kikaisha, na sauti ikashuka. "Mimi nilikungoja miaka kumi na miwili, mwanangu. Ni mingi. Wewe usingoje. Nenda kamwambie leo."

Magreth alikata simu. Alipita steshenari kwa Kassimu, akamwomba amwazime ule mtungi kwa saa moja, akaupakata ndani ya bajaji, akaenda shule ya jirani kuuliza kwa adabu ni mwalimu gani aliyetunga swali la saba.